Mhunzi wa Rabai na Maana ya Uungwana

Mombasa, ambako bandari ya Kilindini, forodha, reli na hoteli za pwani huwavuta vijana kila mwaka, mafundisho ya kanisani kuhusu wito, yaani imani kwamba Mungu humwita mtu kwa ajili ya utumishi fulani, mara nyingi huishia kwenye swali la ajira: kijana awe wakala wa forodha au mwalimu, baharia au muuguzi. Swali hilo halina ubaya, ila Maandiko yamelipa nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 3, unapoeleza askofu awe mtu wa namna gani, unataja kiasi, upole, ukarimu, kutopenda fedha na kuisimamia vyema nyumba yake, na katika sifa zote hizo ni uwezo wa kufundisha tu unaoweza kuitwa ujuzi. Hata wale saba wa Matendo ya Mitume, sura ya 6, ambao kazi yao ilikuwa kugawa chakula, walitakiwa kwanza wawe watu wanaoshuhudiwa wema.

Mji wa Kale, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, una neno linalolifafanua jambo hili kuliko istilahi nyingi za kanisa, nalo ni uungwana. Zamani muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na hadhi hiyo ilitokana na nasaba. Leo ni mwenye adabu na utu, awe mwenye mali au muuza kahawa apitaye vichochoroni na dele lake la shaba juu ya makaa. Maana imehama kutoka kwenye daraja la mtu hadi kwenye mwenendo wake, na wako waliouonyesha uungwana huo wa pili wakiwa wamenyimwa ule wa kwanza.

William Jones ni mmoja wao. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa India, akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik na kujifunza uhunzi, kisha mwaka 1864 akatumwa Rabai, karibu na Mombasa, kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa yeye na Ishmael Semler daraja la ushemasi, yaani ngazi ya kwanza ya huduma takatifu, na mwaka huohuo Jones akafuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, ni Jones aliyeurudisha msafara pwani, nao uliingia Rabai mwanzoni mwa 1886 ukitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, neno la Kiebrania lenye maana kwamba utukufu umeondoka.

Jaribio zito zaidi, hata hivyo, halikuwa la safarini. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na Jones akawapokea, ingawa misheni ilikuwa na amri ya kutowahifadhi watoro, kwa kuwa sheria ya Sultani wa Zanzibar iliwatambua mabwana zao. Si kisa chepesi kukitolea hukumu, maana utii nao ni fadhila ya Kikristo, na shemasi aliyejali cheo chake angekuwa na sababu nzuri kabisa ya kuufunga mlango. Jones alichagua huruma, na kwa kufanya hivyo akaiweka misheni nzima hatarini, kwani mabwana wa Mombasa walikuja juu mwaka 1888 wakidai watu wao.

Suluhu ililetwa na George Mackenzie wa Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliyekubali mabwana walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walianza kukabidhiwa hati za uhuru, kila mmoja karatasi yake, katika kijiji ambacho mchungaji wao alikuwa mhunzi aliyewahi kuwa mtumwa kama wao.