Moteri inapiga tik-tik? Usikimbilie kuinyamazisha

Wandugu, leo tuache kidogo barua za kuomba kazi. Tuzungumze mutuka, juu wengi wetu nyuma ya diploma tunajikuta ku usukani mbele ya kujikuta ku biro.

Mimi nilimaliza uchumi, kazi ikakosa. Baba mudogo akanipa Toyota yake ya zamani, ya esanse, nifanye taksi hapa Bukavu. Jioni naleta versema yake, kinachobaki njo changu. Wiki ya tatu, asubuhi moja, nikawasha moteri, nikasikia chini ya kapo: tik-tik-tik-tik. Kupanda mulima, inazidi. Fundi wa kwanza akasikiliza dakika moja tu, akasema: "Hii moteri imekufa. Leta dola 700, tutafute ingine." Wa pili akaniambia niweke mafuta mazito, kelele itaisha.

Mfukoni nilikuwa na dola 40. Nikafika kwa muzee moja wa garaji, yeye hakufungua hata kapo. Akauliza: "Mwanangu, inalia saa gani?"

Hakuna mutu alikuwa ameniuliza ile. Na kumbe njo fasi ya kuanzia. Haya aliyonifundisha siku ile, na niliyojifunza kisha, nawaandikia hapa.

1. Mafuta kwanza. Simamisha mutuka fasi ya sawa, zima moteri, ungoje dakika kama tano. Chomoa kijiti cha kupimia, pangusa, rudisha, chomoa tena. Mafuta inapaswa kuwa katikati ya alama mbili. Ikiwa iko chini, vyuma vya juu vya moteri vinakosa kulainishwa na vinagongana. Kelele nyingi zinatoka hapo tu. Ongeza mafuta ya namna inayoandikwa ndani ya kitabu cha mutuka, usipitishe alama ya juu. Ikiwa ni nyeusi na nzito sana, fanya vidanji na ubadilishe filtri. Lakini kama taa nyekundu ya mafuta inawaka wakati moteri inazunguka, usiseme "nifike kwanza nyumbani". Zima palepale.

2. Inalia saa gani? Kama inalia sekunde chache tu asubuhi kisha inanyamaza, mara nyingi ni mafuta yaliyoshuka usiku na bado hayajapanda. Haiko hatari kubwa. Kama inalia moteri ikiwa baridi, inazidi ukikanyaga, kisha inapunguka moteri ikipata moto, fikiria bomba ya moshi: kuna fasi moshi unatoroka. Chuma kikipata moto kinapanuka, kinaziba ile nafasi, na kelele inapunguka. Kama inaendelea hata kwenye moto, fikiria supape. Na kama inalia mutuka ikitembea tu, inanyamaza ukisimama hata moteri ikizunguka, angalia matairi kwanza. Jiwe dogo limeshatisha watu wengi.

3. Inapiga mbio namna gani? Hapa hesabu ya shule inasaidia. Supape zinafunguliwa na muti wa chuma wa juu, ambao unazunguka nusu ya mbio ya ule wa chini unaosukumwa na pistoni. Moteri ikiwa inazunguka mara 800 kwa dakika, supape moja inapiga mara 400, ni kusema karibu mara 7 kwa sekunde. Kitu cha chini kinaweza kupiga kila muzunguko, mara 13 kwa sekunde. Sikiliza tena uzito wa sauti. Ya juu ni nyembamba, kama mashini ya kushona. Ya chini ni nzito, kama nyundo ndani ya ukuta: "tok, tok", na inazidi moteri ikibeba muzigo. Ile nzito inaweza kuwa bieli. Hapo usitembeze tena mutuka, ivutwe paka garaji. Bieli ikikatika inatoboa moteri, na dola 700 za fundi wa kwanza zinakuwa kweli.

4. Inatoka fasi gani? Chukua turnevisi ndefu, weka ncha yake ku chuma, mukono wake karibu na sikio. Sauti inapanda kupitia chuma, kama dokta na kifua cha mugonjwa. Weka ku kila enjekteri: utasikia tik-tik ndogo, zote sawasawa. Ile ni kazi yao, usiitafutie dawa. Weka ku kifuniko cha juu, kisha upande wa bomba ya moshi. Fasi inapolia zaidi njo karibu na ugonjwa. Lakini angalisho: nguo, nywele na mikono vikae mbali na mukanda na feni. Na usiwashe moteri ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake uko na gazi isiyo na harufu, inaua mutu bila kumupigia hodi.

Sasa kuhusu supape. Moteri zingine ziko na vipuswari vinavyojazwa mafuta na kujirekebisha vyenyewe. Mafuta chafu ikiziba tundu zake, vinalia; vidanji moja au mbili za karibu zinaweza kuvisafisha. Zingine, na moteri nyingi za Toyota za hapa ziko hivyo, zinahitaji fundi apime nafasi kwa vipande vyembamba vya chuma, moteri ikiwa baridi. Kwa ile inayoitwa 1NZ-FE, nafasi ni 0,15 mpaka 0,25 milimita upande wa kuingiza hewa, na 0,25 mpaka 0,35 upande wa kutoa moshi. Ni nafasi ndogo sana, lakini ikizidi unaisikia.

Na hapa njo kitu kilinishangaza zaidi. Nafasi ikiwa kubwa, supape inalia. Nafasi ikiisha kabisa, supape inanyamaza, lakini haifungi tena muzuri. Ile ya kutoa moshi inapoza moto wake wakati imefunga na kugusana na kikao chake. Isipofunga, inaungua. Kwa hiyo kuko moteri inayolia kidogo na iko muzima, na kuko ingine imenyamaza kabisa na inaungua pole pole. Kunyamazisha siyo kuponya.

Njo sababu muzee alikataa mafuta mazito. Mafuta mazito yanaweza kufunika kelele siku chache, lakini asubuhi yanachelewa kufika juu, na chuma kinaendelea kulika. Tena, wewe unayetaka kununua mutuka na feza yako ya kwanza: kuko wauzaji wanaotumia ujanja huu. Omba kukuta moteri baridi. Gusa kapo mbele ya kuwasha. Kama tayari iko na moto, uliza juu ya nini, ao rudi kesho asubuhi na mapema.

Mutuka ya baba mudogo ilikuwa inalia ikiwa baridi, inazidi ku mulima, inapunguka nyuma ya dakika kumi. Muzee akanionyesha masizi meusi fasi bomba ya moshi inashikana na moteri. Buloni moja ilikuwa imekatika, joenti imeungua. Akatoa kipande cha buloni, akaweka joenti mupya, akaomba dola 25. Jioni nilifika nyumbani na versema, hata kama ilikuwa nusu.

Fundi wa kwanza hakuwa mujinga. Alijibu mbele ya kuuliza, tu. Nasi tuliosoma tunafanya vile mara mingi: kitu kikipiga kelele, tunatafuta namna ya kukifunga mudomo. Kesho asubuhi, moteri ikilia, zima redio, fungua kioo, sikiliza dakika tano. Kisha njo utoe feza.