Insha Ipo Kichwani, Penseli Inaizuia

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tano, mwenye usonji, anavijua vituo vya treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Atakutajia kwenda na kurudi bila kukosea. Mpe penseli aandike insha ya safari, ataikandamiza mpaka karatasi itoboke, na kipindi kitaisha ana sentensi moja. Wapo walimu watakaosema ni mvivu. Inaniuma kila nikilisikia neno hilo.

Kuandika ni kazi kadhaa zinazofanywa kwa pamoja: kuchagua la kusema, kulipanga, kukumbuka tahajia, kuongoza vidole. Kwa watoto wengi wenye usonji vidole peke yake vinamaliza nguvu zote, na wazo linapotea kabla ya nukta. Teknolojia saidizi humpunguzia mtoto baadhi ya kazi hizo ili nguvu zibaki kwenye kuwaza.

Kwake tulianza na picha. Kwenye tableti hupanga picha za vituo kwa mfuatano, na chini ya kila moja huchapa kilichotokea pale. Akigonga herufi mbili tatu, kibodi humpendekezea neno. Akimaliza, huvaa spika za masikioni na programu humsomea alichoandika. Akisikia "treni ilisimama ilisimama Ruvu", hurudi mwenyewe kufuta neno lililozidi, neno ambalo macho yake yalilipita. Huko ndiko kuhariri, na hakuna aliyemsukuma.

Kuandika kwa kuzungumza nako kupo. Google ilianza kupokea Kiswahili kwa sauti mwaka 2017. Ila kelele za darasa huharibu maneno, na asiyezungumza hafaidiki nako. Huyo mpe programu ya picha zinazotamka, kama Cboard, ambayo ni ya bure.

Lakini kifaa akiendeshe mtoto mwenyewe. Miaka ya 1990 ilienea Marekani njia ya mtu mzima kushika mkono wa mtoto na kuusaidia kufikia herufi. Watafiti wakawaonyesha mtoto na msaidizi picha tofauti: kilichochapwa kikawa kile alichokiona msaidizi, naye hata hakujua kwamba anaandika yeye. Kwa hiyo, mzazi, ukiletewa insha nzuri iliyopatikana hivyo, muulize mwanao jambo la nyumbani kwenu ambalo msaidizi halijui, kisha usubiri jibu lichapwe.