Hitilafu za ghafla za umeme katika magari ya zamani

Hitilafu za ghafla za umeme katika magari ya zamani ni matatizo yanayojitokeza bila onyo katika mfumo wa umeme wa gari, kwa mfano injini kuzimika njiani, stata kukataa kuzunguka au taa zote kuzimika kwa pamoja. Mara nyingi chanzo chake si kifaa cha bei kubwa, bali ni muungano mbovu: kichwa cha betri kilichoota kutu, waya wa ethi uliolegea au fyuzi isiyogusa vizuri. Kwa hiyo uchunguzi wenye mpangilio hutangulia ununuzi wa vipuri.

Magari yanayohusika

Kati ya magari ya zamani yanayojulikana sana nchini Tanzania ni Land Rover Series, Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na Peugeot 504. Peugeot 404 ilipata sifa katika mashindano ya East African Safari, ambayo Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, aliyashinda kwa gari hilo mwaka 1966 na 1967.

Magari hayo hayafanani kwa umeme. Beetle nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilitumia volti 6 badala ya 12. Land Rover za awali, kama magari mengi ya Uingereza ya wakati ule, zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, ilhali magari ya leo hufungwa ncha hasi. Anayefunga betri bila kujua tofauti hiyo anaweza kuharibu vifaa.

Mazingira ya Kibaha na Kisarawe

Kibaha na Kisarawe ziko katika Mkoa wa Pwani, jirani na Dar es Salaam. Kibaha ina historia yake katika magari: ndiko kilikokuwa kiwanda cha TAMCO kilichounganisha malori ya Scania, na ndiko kiliko kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu.

Hali ya eneo hili huchosha nyaya za zamani. Unyevu wa pwani, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei, huharakisha kutu. Mtikisiko wa barabara za udongo upande wa Kisarawe hulegeza skrubu, na vumbi likishika kwenye miungano hutunza unyevu. Katika Barabara ya Morogoro, inayopita Kibaha na kubeba malori mengi, gari linalozima taa ghafla usiku linaweza kugongwa kwa nyuma. Hapo hitilafu ya waya mmoja ni suala la uhai.

Kwa nini muungano mdogo huleta shida kubwa

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye kifaa, kisha hurudi kupitia bodi ya gari. Njia ya kurudi ikiwa na kutu, kifaa hakifanyi kazi hata kama ni kizima.

Kanuni ya Ohm huonyesha jambo hilo. Volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Tuseme kutu imeleta ukinzani wa omu 0.02. Taa ndogo inayotumia ampea 2 itapoteza volti 0.04 tu, nayo itawaka vizuri. Stata inayohitaji ampea 200 itapoteza volti 4, nayo haitazunguka. Ndiyo maana taa kuwaka si ushahidi kwamba miungano ni mizima, na ndiyo maana watu wengi hununua stata au betri mpya bila sababu.

Utaratibu wa uchunguzi

1. '''Betri.''' Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma takriban volti 12.6. Ikisoma karibu na 12.0 imekwisha chaji.
2. '''Vichwa vya betri na ethi.''' Husafishwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha hukazwa. Waya wa ethi kati ya injini na bodi huangaliwa pia, kwa kuwa injini hukaa juu ya mipira isiyopitisha umeme. Stata inapozungushwa, kipimo kati ya ncha ya betri iliyofungwa ethi na injini kikizidi volti 0.5, njia ya ethi ni mbovu.
3. '''Fyuzi.''' Fyuzi huzungushwa mahali pake na ncha zake kusafishwa. Land Rover Series nyingi zina fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye fyuzi yoyote.
4. '''Chaji.''' Injini ikinguruma, betri ya volti 12 inapaswa kusoma takriban volti 13.8 hadi 14.4. Dainamo hutoa umeme kidogo injini ikizunguka polepole, hivyo taa kufifia kwenye foleni si lazima iwe hitilafu.
5. '''Moto wa plagi.''' Injini inayozimika ikipata joto na kuwaka tena ikipoa huashiria koili au kondensa mbovu. Hata hivyo, mafuta yanayochemka kwenye bomba huleta dalili ileile, hivyo cheche hupimwa wakati injini ikiwa bado imegoma.

Katika magari ya Uingereza rangi za nyaya husaidia: kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, nyeupe hupata umeme swichi ikifunguliwa, na nyeusi ni ethi.

Taa nyekundu ya Beetle

Katika Beetle, dainamo na feni ya kupoza injini huzungushwa na mkanda mmoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla safarini, huenda mkanda umekatika na injini haipozwi tena. Dereva husimama mara moja na kuutazama mkanda. Akiendelea, injini inaweza kuungua.

Tahadhari

* Fyuzi iliyoungua haibadilishwi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Shoti ikiendelea, waya hupata joto na gari huweza kushika moto.
* Kabla ya kugusa nyaya, waya wa ethi wa betri hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho.
* Gari lenye alternata halipimwi chaji kwa kuchomoa betri injini ikinguruma, kwani volti hupanda ghafla na kuua dayodi.
* Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Lazima iwe na kifuniko, la sivyo springi za kiti zikigusa ncha zake huleta shoti na moto.