Diski Isiyopumzika

Msomaji mmoja ameuliza: kamera nane za kulinda nyumba ameshazinunua, sasa achukue kinasa gani? Jibu la kawaida lingelinganisha DVR ya nyaya za koaksi na NVR ya nyaya za mtandao, likahesabu matundu nyuma ya kisanduku, likaishia hapo. Hayo fundi atayamaliza dukani kwa dakika chache. Kinachoamua kama picha za usiku wa wizi zitapatikana asubuhi ni diski iliyo ndani ya kinasa, na diski huuzwa kwa kutajiwa ukubwa tu, kana kwamba terabaiti 4 za aina yoyote ni sawa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kamera ya 1080p inayobana picha kwa H.264 hutoa kama megabiti 4 kwa sekunde, yaani gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nane ni gigabaiti 346 kwa siku, na terabaiti 126 kwa mwaka. Diski ya terabaiti 4 hujaa kabla ya siku ya 12 kwisha. Baada ya hapo kinasa hufuta picha kongwe ili kiandike mpya, mchana na usiku. Diski nyingi za kompyuta za mezani zimekadiriwa kubeba mzigo wa terabaiti 55 kwa mwaka. Za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, hukadiriwa 180.

Mzigo, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu tamu zaidi iko kwenye sahani zilizo ndani ya diski. Juu ya kila sahani inayozunguka huelea kichwa, nanomita chache tu kutoka kwenye uso wake. Sehemu yake inayoandika lazima itoe sumaku yenye nguvu ya kugeuza chembe za sahani, kwa hiyo haipunguziki upana kirahisi. Inayosoma huweza kuwa nyembamba zaidi. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa hila ya kupendeza mno: andika njia pana ya data, kisha njia inayofuata iilalie ya kwanza, ubaki ukingo mwembamba unaotosha kusomwa. Seagate ilianza kuuza diski za namna hii mwaka 2013. Wahandisi huziita SMR. Mimi nitaziita diski za makuti, kwa maana zimeezekwa hasa. Mwezekaji huanza chini akapanda fito kwa fito, kila safu ikiilalia iliyotangulia, na kazi huenda mbio. Lakini kuti la katikati likioza halibadilishwi peke yake: sharti afungue yaliyolilalia, aweke jipya, kisha ayafunge yote tena. Diski ya makuti nayo, ikitakiwa kubadilisha njia moja, husoma njia zinazofuata katika fungu lile na kuziandika upya. Ili mwenye kompyuta asisubiri, mzigo mpya hushushwa kwanza uani, katika eneo dogo lisilolaliana, na kupandishwa paani pakiwa na utulivu. Kamera nane hazitoi utulivu huo. Ua hujaa, mzigo hukwama mlangoni, na vipande vya video hupotea.

Mpinzani atasema kamera huandika kwa mfululizo, kama mwezekaji apandavyo, basi makuti yana ubaya gani? Hoja hii ina uzito, na kwa kamera moja ningeikubali. Kamera nane hupishanisha vipande vyao, faharasa ya saa na tarehe huguswa kila mara, na kinachofutwa kiko katikati ya paa. Wala jina kwenye kibandiko halitoshi kumlinda mnunuzi: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizokusudiwa kufanya kazi bila kuzimwa, zilikuwa SMR, na wanunuzi hawakuwa wameambiwa. Isome karatasi ya vipimo mpaka uzione herufi CMR, ambazo maana yake ni njia zisizolaliana.

Wako wanaotaka tuachane na sahani tutumie SSD, hifadhi isiyo na kinachozunguka. Ya terabaiti 1, iliyokadiriwa kuandikwa terabaiti 600, ingefikia kikomo hicho kabla ya miaka mitano, na ingehifadhi siku zisizofika tatu. Wanaotaka kupeleka kila kitu kwenye seva za mbali wajue kwamba kamera hizi zinadai megabiti 32 za kupakia kila sekunde, bila kukoma.

Kwa nyumba ya msomaji wetu ningechagua NVR inayokubali H.265, ambayo hupunguza mzigo hadi karibu nusu, yenye diski ya ulinzi ya CMR ya terabaiti 8. Kwa H.264 hiyo ni siku 23, kwa H.265, zaidi ya 40. UPS, betri ya kushika umeme unapokatika, inunuliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa umeme ukikatika faharasa ikiwa inaandikwa, video zinaweza kuwemo diskini na kinasa kisizione.