Pesa hufika kabla ya viatu: biashara ya mtandaoni mitaani Eastlands

Saa kumi na mbili asubuhi, wachuuzi wa viatu vya mitumba wamekwisha kuyazunguka marobota yanayofunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi. Mwenye jicho kali hunyakua jozi zilizo bora, zile zinazoitwa "kamera", kabla wenzake hawajazifikia. Kufikia saa tatu jozi hizo zimesuguliwa kwa mswaki na sabuni, zimepangwa kando ya ukuta mweupe wa nyumba moja mtaani Umoja, zimepigwa picha na kupandishwa WhatsApp, Instagram na TikTok. Duka hili halina mlango wala kodi ya kila mwezi. Kaunta yake ni simu.

Saa nne meseji zinaanza kuingia. Mteja wa Donholm anauliza kama namba 40 bado ipo. Ipo. Bei ni shilingi 1,500, nauli ya bodaboda kando. Hapo mazungumzo yanafika kwenye kisiki kile kile cha kila siku.

"Tuma kwa Till, dada, nikufungie mzigo," muuzaji anaandika.

"Nitalipa nikiviona," mteja anajibu.

Kila mmoja ana sababu yake. Muuzaji anawajua wenzake waliotuma mzigo hadi Kayole, na mteja akazima simu mwanaboda akiwa tayari stejini. Mteja naye anawajua majirani waliolipa, kisha muuzaji akawazuia WhatsApp na ukurasa wake ukatoweka. Mvutano huu unarudiwa kila siku kuanzia Buruburu hadi Dandora, na chanzo chake hakiko katika tabia za watu pekee. Kimo ndani ya mfumo wa malipo wenyewe, kwa namna ulivyoundwa tangu siku ya kwanza.

Mfumo huo, M-Pesa, ulizinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2005 jijini Nairobi na mjini Thika. Lengo la majaribio lilikuwa kuwasaidia wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu kulipa madeni yao kwa simu. Watu waliopewa huduma hiyo wakaigeuza: wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom na mshirika wake Vodafone wakausoma mwenendo huo, na huduma ilipofika sokoni ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kijana wa Jericho alimtumia mamake Siaya au Machakos. Alimjua, na mama naye alimjua.

Kwa mtu unayemjua, pesa zinatakiwa kufika papo hapo na zikae huko zilikofika. Kati ya mtoto na mama yake hakuna bidhaa inayosubiriwa, wala haja ya mtu wa tatu kuzishika hadi ithibitishwe kwamba kila upande umetimiza ahadi. Ndivyo M-Pesa ilivyoundwa, na kwa kazi hiyo ilifaulu kuliko benki zilivyowahi kufaulu mitaani.

Uchina walianzia upande wa pili. Alibaba ilipofungua soko la mtandaoni la Taobao mwaka 2003, wanunuzi na wauzaji hawakujuana wala kuaminiana. Alipay ilibuniwa kwa ajili ya shida hiyo hasa: mnunuzi analipa, Alipay inazishika pesa, muuzaji anaambiwa atume mzigo, na pesa zinaachiliwa mnunuzi akishathibitisha kuwa amepokea. Subira ile ilikuwa ndiyo bidhaa yenyewe. Kenya ilianza na kutuma, ununuzi ukafuata miaka kadhaa baadaye.

Ulifuata kwa hatua. Lipa na M-Pesa ilianzishwa mwaka 2013, mwenye duka akapata namba ya Till inayopokea malipo moja kwa moja, tofauti na laini yake binafsi. Mwaka huo huo Jumia ilianza kuuza bidhaa mtandaoni nchini, na ilibidi nayo iwape wateja nafasi ya kulipa wanapopokea. Mwaka 2017 Safaricom ikawafungulia waandishi wa programu mlango wa kiteknolojia unaoitwa Daraja, ambao huunganisha tovuti na mitambo ya M-Pesa.

Kinachotokea mtu anapolipa kupitia Daraja kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mnunuzi anachagua bidhaa kwenye tovuti na kuandika namba yake ya simu. Tovuti inapeleka ombi Safaricom: namba hii inadaiwa kiasi hiki, kilipwe kwa biashara hii. Mara kisanduku kinajitokeza chenyewe kwenye simu ya mnunuzi kikiwa na kiasi na jina la biashara, kikisubiri namba ya siri. Mtu akiiandika, mitambo inakagua salio, inaondoa pesa upande mmoja na kuziweka upande wa pili, kisha inarudisha taarifa kwa tovuti pamoja na namba ya risiti yenye tarakimu na herufi kumi. Yote huchukua sekunde chache. Uzuri wake mkubwa ni kwamba namba ya siri haipiti kwenye tovuti hata kidogo. Inaandikwa kwenye simu ya mwenyewe na kwenda Safaricom moja kwa moja, hivyo mwenye tovuti hana cha kuiba.

Kadi ya benki husafiri njia ndefu zaidi. Mnunuzi anaandika namba ya kadi, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma. Taarifa hizo zinapita kwa kampuni ya malipo, kwa mfano Pesapal iliyoanzishwa Kenya mwaka 2009, zinaingia benki ya muuzaji, zinapita katika mtandao wa Visa au Mastercard na kufika benki iliyotoa kadi. Benki hiyo mara nyingi hutuma namba ya mara moja kwenye simu ya mteja ili ithibitishe kuwa ni yeye. Ikiridhika, jibu linarudi kwa njia ile ile. Pesa zenyewe humfikia muuzaji baadaye, mara nyingi baada ya siku moja au zaidi.

Safari hiyo ndefu ina faida yake. Mwenye kadi ambaye hakuletewa mzigo anaweza kulalamika kwa benki yake, benki ikamtaka muuzaji athibitishe kwamba bidhaa ilitoka, na akishindwa pesa zikarudishwa. Juni 2022 Safaricom na Visa walianzisha kadi isiyoshikika mkononi, iliyo ndani ya M-Pesa, na mkazi wa Komarock asiye na akaunti ya benki akaweza kulipa katika tovuti za ng'ambo. Hata hivyo, muuzaji wa viatu wa Umoja hapokei kadi. Anapokea M-Pesa, na M-Pesa ikishaingia imeingia.

Ndiyo maana pengo lile la uaminifu limezibwa na mtu mwenye kofia ya chuma na jaketi la kumetameta.

Mwanaboda anachukua mfuko Umoja, anapita Outering Road na kufika Donholm. Nyumba nyingi za mitaa hii hazina anwani ya barabara, kwa hiyo anaongozwa kwa simu: pita kituo cha mafuta, geti la pili, karibu na duka la dawa. Mteja anatoka, anafungua mfuko, anavaa kiatu kimoja, anatembea hatua tatu. Akiridhika analipa kwa Till papo hapo. Mwanaboda haachi mfuko. Anampigia muuzaji na kuuliza kama pesa imeingia. Muuzaji anatazama simu yake, anasema imeingia, na hapo tu mzigo unakabidhiwa. Kazi ambayo Alipay hufanya kwa kompyuta inafanywa Eastlands na kijana mwenye pikipiki, kwa nauli ya safari moja. Badala ya kushika pesa, yeye anashika viatu.

Wauzaji wameongeza kanuni zao juu ya utaratibu huo. Wengi hudai nauli ilipwe kabla, ili mteja akizima simu hasara isiwaangukie wao. Wengine hutumia kampuni kama Pickup Mtaani, yenye mawakala katika maduka ya mitaani ambako mteja huenda kuchukua mzigo wake. Wapo pia wanaokutana na wateja stejini mchana, mbele ya macho ya watu.

Walaghai nao wameusoma utaratibu huu. Ulaghai wa kawaida ni meseji bandia: mteja anatuma ujumbe ulioandikwa kama wa M-Pesa, ukiwa na jina, kiasi na namba ya risiti, na muuzaji anayeshughulika na wateja watano kwa mpigo anaamini. Ujumbe halisi hufika ukiwa na jina MPESA mahali pa mtumaji, ila hata huo usitegemewe peke yake. Salio la akaunti ndilo lisilodanganya. Ulaghai mwingine ni wa mnunuzi anayelipa kwenye laini binafsi, anapokea mzigo, kisha anatuma ujumbe kwa namba 456 akidai alikosea na arudishiwe. Huduma hiyo iliwekwa kuwasaidia waliokosea kweli, na imewaokoa wengi. Kwa mwenye biashara anayepokea malipo kwa namba yake ya kawaida, ni mlango ulioachwa wazi. Safaricom ilipoanzisha Pochi la Biashara kwa wachuuzi wadogo, miongoni mwa mambo iliyoyatangaza ni kwamba pesa zikishaingia humo haziwezi kurudishwa ovyo, na kwamba hazichanganyiki na pesa za nyumbani.

Gharama pia zina uzito wake katika biashara ya shilingi mia kwa mia. Kwa ada za tangu 2023, kutuma shilingi 1,500 kwa laini ya mtu hugharimu shilingi 23, na kuzitoa kwa wakala shilingi 29. Mnunuzi anayelipa kwa Till hakatwi ada ya kutuma. Mwenye biashara ndiye anayekatwa kiasi kidogo. Ndani ya ada hizo kuna ushuru wa serikali, uliopanda kutoka asilimia 12 hadi 15 kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Wakati wa korona, Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya iliagiza miamala isiyozidi shilingi 1,000 ifanywe bila ada, na Wakenya wakaona jinsi malipo madogo yanavyoshika kasi yasipokatwa. Agizo hilo lilikwisha mwishoni mwa mwaka huo. Kilichobaki ni kutuma shilingi 100 na kushuka chini bila malipo.

Hatua nyingine muhimu ilikuja Aprili 2022, mteja wa Airtel Money alipowezeshwa kulipa kwenye Till ya Safaricom. Kabla ya hapo muuzaji aliweza kumpoteza mteja kwa sababu tu laini zao zilikuwa tofauti.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti amweleze mnunuzi masharti kabla ya kukubaliana. Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Milimani Aprili 2021, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Lakini nani atapanda matatu mara tatu kutoka Kayole hadi Milimani kwa sababu ya viatu vya shilingi 1,500? Anasamehe, anawaonya marafiki, na anaapa kutonunua tena mtandaoni. Muuzaji mwaminifu wa mtaa wa pili ndiye anayelipia kiapo hicho, na hatajua kamwe ni mauzo mangapi aliyoyakosa.

Jambo linalokosekana linajulikana, na limefanya kazi kwingineko kwa zaidi ya miaka 20: sehemu ya kuzishikia pesa hadi mnunuzi aseme amepokea, kwa ada ambayo mchuuzi wa jozi moja anaweza kuimudu. Mitambo ya kuliwezesha ipo tayari. Safaricom, Airtel na benki zinaweza kuliweka ndani ya Till na Pochi kama chaguo la yeyote anayelihitaji, na Benki Kuu, ambayo kwa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 ndiyo msimamizi wa huduma hizi, ina uwezo wa kuwasukuma. Mwanaboda ameibeba kazi hii kwa miaka mingi bila kulipwa kwa sehemu yake ya uaminifu. Tena hafiki Kisumu wala Mombasa, ambako muuzaji wa Umoja naye angependa kuuza.

Mpaka siku hiyo ifike, wewe unayenunua lisome jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kuandika namba ya siri. Likiwa si la biashara uliyozungumza nayo, acha. Usimtajie mtu namba hiyo, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu, na meseji ya ulaghai ipeleke namba 333. Lipa ukishafungua mfuko. Nawe unayeuza, achana na laini binafsi na upokee kwa Till au Pochi, weka nauli ya mwanaboda mbele, na usiachilie mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe. Angalia salio lako kwanza.