MGANGA ASIISHIE KUFUNGA JERAHA

Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Methali hii kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa, kumhimiza aseme kinachomsumbua. Leo, ndugu msomaji, tuigeuze upande wa pili tumwulize mganga: je, naye huuliza? Maana yapo maumivu ambayo mgonjwa huyaficha kwa kumwogopa mtu yule yule aliyemsindikiza zahanati.

Tunazungumzia kipigo cha nyumbani. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016. Kabla ya hapo Tunduma, Mbozi na Ileje zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Ni katika Wilaya ya Mbeya, pamoja na Dar es Salaam, ambako Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko Mbeya, wanawake 56 katika kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi walieleza kuwa wamepata kupigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu. Dar es Salaam walikuwa 41. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 27 katika kila 100 wamepata kupigwa tangu wafikie umri wa miaka 15, ilhali ule wa 2015 na 2016 ulionyesha 40. Nafuu ipo, lakini aliye miongoni mwa hao 27 haioni.

Tunduma ni mji wa njia. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na watu huhamia kutoka kila pembe kutafuta riziki. Kipigo kipo pia katika mashamba ya kahawa ya Mbozi, mpaka haukukizaa. Lakini mke aliyehamia mjini mara nyingi yuko mbali na shangazi na wajomba ambao wangeamua ugomvi. Mtu wa kwanza kuliona jeraha lake huwa ni tabibu wa zahanati, au mkunga wa kliniki ya wajawazito.

DALILI ZISEMAZO

Wanawake wengi waliopigwa hawasemi wamepigwa. Husema wameanguka bafuni. Basi tabibu na atazame: je, jeraha linalingana na maelezo? Je, yapo makovu ya zamani kando ya mapya? Je, mama huyu hurudi kila mara kwa kichwa, tumbo au kukosa usingizi, na vipimo havionyeshi ugonjwa? Je, mume ndiye ajibuye kila swali?

Hapo hapana budi kuuliza, lakini si mbele ya mume, wala mama mkwe, wala mtoto mwenye umri wa kusimulia. Swali lililoulizwa mbele ya mpigaji laweza kumletea mama kipigo kingine usiku huo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haumtaki mganga amhoji kila mwanamke apitaye mlangoni. Unamtaka aulize pale dalili zinapomwita, palipo na faragha. Maneno yenyewe ni mepesi: “Mama, majeraha kama haya mara nyingine hutokana na kupigwa. Je, nawe yamekupata?”

Akikubali, asikilizwe bila kuharakishwa wala kulaumiwa. Aulizwe kama ni salama kurudi nyumbani leo. Asiambiwe, “Nendeni mkayamalize nyumbani,” kwani nyumbani ndiko alikopigiwa. Wala asilazimishwe kushitaki: huenda mume ndiye aletaye unga, na mama anataka kipigo kikome, si mume afungwe. Uamuzi ni wake. Siri yake nayo itunzwe, hasa katika mtaa ambao muuguzi ni jirani.

Kama ameingiliwa kwa nguvu, saa zina thamani. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Fomu ya polisi, PF3, ni ushahidi muhimu mahakamani. Lakini damu inayotoka haingoji karatasi.

SHERIA NA USHIRIKIANO

Wapo wadhanio kuwa kumpiga mke ni haki ya mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Mganga naye asiachwe peke yake. Huko Uingereza, katika London na Bristol, zahanati 24 zilipewa mafunzo pamoja na mtetezi wa kupokea wanawake wanaopelekwa kwake. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa katika mwaka mmoja ziliwapeleka wagonjwa 223. Nyingine 24 zisizopewa mafunzo ziliwapeleka 12 tu. Kwetu, Wizara ya Afya ilitoa miongozo yake mwaka huo huo wa 2011, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kinachotakiwa ni tabibu kumjua kwa jina askari wa dawati na ofisa ustawi wa jamii wa eneo lake, kabla mgonjwa hajafika.

Nanyi akina baba, mfanyakazi hodari kiwandani au safarini hapimwi kwa hofu ya mkewe. Na kwako mama: utakapoulizwa faraghani, jibu. Mganga aulizaye hivyo hataki kukuaibisha. Anatafuta jeraha ambalo bandeji haliwezi kulifunika.