Neno "Viumbe" katika Vipindi vya Sayansi

Katika toleo hili tunajadili lugha ya vipindi vya sayansi vya televisheni vinapogusa chanzo cha binadamu. Mfano uko kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua, magharibi mwa Ziwa Turkana, mifupa ya kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mifupa hiyo kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Vipindi vingi vya Kiingereza hukwepa mgogoro huo kwa kutomtaja Mungu kabisa. Mtafsiri wa Kiswahili hana njia hiyo. "Viumbe" na "maumbile" yametokana na kitenzi "umba". Kwa hiyo anayesimulia mageuzi ya viumbe huwa amekwisha kutaja uumbaji. Hatuoni kosa hapo, kwani ni maneno yaliyozoeleka.

Kosa liko katika "wanasayansi wanaamini". Imani haidai vipimo, lakini umri wa mifupa ile ulitafutwa kwa kupima tabaka za majivu ya volkano. Afadhali tuseme "wanakadiria" au "ushahidi unaonyesha". Vilevile "nadharia" isichanganywe na "nadharia tete", ambayo bado haijathibitishwa.

Hapa Juba tunafundisha Wakristo na Waislamu katika darasa moja. Mwanafunzi akisikia "wanaamini", hudhani anatakiwa kubadili dini. Tunawashauri walimu wawape wanafunzi dakika chache za kipindi wazitafsiri, kisha wajadili vitenzi walivyochagua.